Kuchagua na Kusimamisha Geti na Uzio wa Nyumba

Mtu anayetaka kuzungushia nyumba yake uzio, awe Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, kwa kawaida huanza na picha ya geti aliyoiona kwa jirani au kwenye simu, kisha huipeleka kwa fundi wa kuchomelea na kuulizia bei. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika kazi hii. Geti linapoanza kuburuta chini mwaka mmoja baada ya kufungwa, mara nyingi chuma chake hakina kasoro yoyote. Nguzo iliyolibeba ndiyo iliyoinama, nayo imeinama kwa sababu shimo lake lilichimbwa kwa haraka katika udongo ambao hakuna aliyejisumbua kuuchunguza. Kwa sababu hiyo maelezo haya yanaanzia chini: mpaka wa kiwanja, maji na udongo, msingi na nguzo, na geti lenyewe linakuja karibu na mwisho.

Mpaka, barabara na majirani

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, tafuta bikoni zako. Kiwanja kilichopimwa kina alama za zege zenye namba kwenye kona zake, na namba hizo zimo katika ramani ya upimaji. Alama zikiwa zimefukiwa na udongo au zimepotea, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azirejeshe, kwa kuwa gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Katika makazi ambayo hayajapimwa, waite majirani wa pande zote pamoja na mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtembee mpakani pamoja, mpige vigingi, kisha muandike makubaliano mafupi yenye sahihi za wote. Ikiwa ukuta utakuwa wa ubia, karatasi hiyo iseme nani analipia nini, ukuta unakaa juu ya mpaka au ndani ya kiwanja cha nani, na kama jirani anaruhusiwa kuegemeza chochote upande wake. Ugomvi mwingi wa ukuta hauanzi siku ya ujenzi; huanza siku banda la kuku linapopigiliwa ukutani.

Upande wa barabara unahitaji uangalifu zaidi. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali, na wapo wenye nyumba walioamini wako salama hadi walipokuta alama ya X, ya kutakiwa kubomoa, imepigwa kwenye kuta zao. Barabara za mitaa, ambazo tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), upana wake hutegemea mchoro wa mipangomiji wa eneo husika, na mchoro huo unapatikana katika ofisi za halmashauri. Uliza huko huko kuhusu kibali, kwa kuwa ukuta nao ni ujenzi. Ikiwa mtaa wenu uko katika urasimishaji, yaani kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, subiri barabara ziwekewe alama kwanza, maana mara nyingi wakazi hutakiwa kurudi nyuma kidogo ili njia ipatikane, na uzio mpya ndio unaoumia.

Jambo la mwisho kabla ya kuchimba ni kuangalia juu na chini. Juu, usiweke geti wala nguzo chini ya nyaya za umeme za TANESCO. Chini, tafuta bomba la maji linapopita, na upange mita ya maji ikae mahali ambapo msoma mita ataifikia hata kama hakuna mtu nyumbani.

Maji yanapita wapi

Nenda kiwanjani siku ya mvua kubwa. Ikiwa unajenga wakati wa kiangazi, waulize majirani wa siku nyingi maji hupita wapi wakati wa masika, kwa sababu kiwanja kinachoonekana tambarare mwezi Agosti kinaweza kuwa mkondo mwezi Aprili. Ukuta mzima usio na tundu hata moja, ukijengwa kukatiza mkondo huo, unageuka kuwa bwawa, na tofali lenye unene wa inchi 6 halikutengenezwa kuzuia bwawa. Acha matundu usawa wa ardhi kwa kutumia vipande vya bomba la inchi 4, kila baada ya mita mbili au tatu upande wa chini wa mteremko, na pale maji yanapokusanyika acha uwazi mkubwa wenye nondo za kuzuia mtu kupenya. Usiyakusanye maji yote na kuyamwaga kwa jirani kupitia tundu moja. Yaache yapite kwa namna yalivyokuwa yakipita zamani.

Mahali ambapo ardhi ya upande mmoja iko juu kuliko upande wa pili, kama ilivyo katika viwanja vingi vya Kimara na Goba jijini Dar es Salaam, unachohitaji si uzio bali ukuta wa kuzuia udongo. Udongo uliolowa ni mzito na unasukuma bila kupumzika. Ikiwa tofauti inazidi sentimita 60 hivi, mwombe mhandisi akuchoree, na usikubali fundi akwambie ataongeza nondo mbili.

Mbele ya kiwanja, kama kuna mtaro wa barabara, utahitaji kalavati chini ya njia ya gari. Zungumza na wasimamizi wa barabara kwanza, na uhakikishe bomba utakaloweka halipunguzi njia ya maji iliyopo, kwa sababu mtaro ukiziba mbele ya geti lako, mtaa mzima utakujua kwa jina.

Uzio wa aina gani

Ukuta wa tofali ndio unaopendwa mijini, na una sababu zake: unadumu, unapunguza kelele na vumbi, na unamsitiri mwenye nyumba. Hata hivyo si lazima uwe mzima kutoka chini hadi juu. Kwa maoni yangu, upande wa mbele unafaa zaidi kuwa na tofali hadi usawa wa mita moja na kidogo, na juu yake grili ya chuma au tofali za matundu, kwa kuwa ukuta usiopitisha jicho humficha mwizi vizuri sana akishaingia ndani, ilhali grili huwaacha wapita njia na majirani waone kinachoendelea. Upepo nao hupita, jambo lisilo dogo Dar es Salaam mwezi Februari. Pande tatu zilizobaki zinaweza kuwa ukuta mzima.

Mwenye kiwanja kikubwa na fedha kidogo anaweza kuanza na nguzo za zege na wavu wa waya, akapanda michongoma au maua ya bogenvilia kwa ndani. Baada ya misimu michache ya mvua atakuwa na uzio ambao watu wengi hawatathubutu kuupenya. Minyaa hukua upesi zaidi na haihitaji maji mengi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya, hivyo si mmea wa kupanda mahali watoto wanapochezea. Uzio wa mabati ni wa muda tu, wa kulinda vifaa wakati wa ujenzi.

Kuhusu vitu vya juu ya ukuta: seng'enge, na ile ya wembe hasa, ikae juu ya kimo ambacho mtu aliyesimama njiani anaweza kukigusa. Uzio wa umeme ufungwe na fundi mwenye ujuzi wa kifaa hicho pekee, wenye mtambo maalumu unaotoa mapigo mafupi, pamoja na mabango ya tahadhari. Kuunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na umeme wa nyumba ni kutega mauti, na anayeuawa kwa kawaida ni mtoto aliyefuata mpira.

Msingi na ukuta

Vuta uzi kutoka bikoni hadi bikoni, na ujenge ndani ya uzi huo, siyo juu yake, isipokuwa mmekubaliana na jirani. Kona za mraba zihakikiwe kwa vipimo vya mita 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande mwingine, na umbali kati ya ncha hizo mbili lazima uwe mita 5 kamili. Fundi atakayedharau kipimo hiki kwa madai kwamba jicho lake linatosha, mtafutie kazi nyingine ya kufanya.

Katika udongo mgumu, mfereji wa kina cha sentimita 60 unatosha kwa ukuta wa kawaida. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, chimba zaidi, karibu sentimita 90 au hadi ufikie tabaka lisilobadilika, na usimamishe ukuta juu ya mkanda wa zege wenye nondo. Kigamboni na sehemu nyingine za pwani tatizo ni mchanga unaobomoka pamoja na chumvi. Huko usikubali mchanga wa ufukweni utumike kwenye zege, kwa sababu chumvi yake hula nondo kwa ndani, na utaligundua jambo hilo zege litakapoanza kupasuka na kutoa kutu.

Tofali la kawaida la inchi 18 kwa 9 linahitajika takribani vipande 9 kwa mita moja ya mraba ya ukuta. Hesabu 10 ili kufidia yanayovunjika. Kozi 9, yaani mistari 9 ya tofali, zinakupa kimo cha mita 2.1 hivi. Jenga vinguzo kila baada ya mita 3, na kila baada ya mita 6 hadi 9 acha nafasi nyembamba ya sentimita moja au mbili inayoukata ukuta wima, kati ya vinguzo viwili, ili joto na udongo vinapousogeza usipasuke mahali pasipotarajiwa. Juu, maliza kwa kofia ya zege yenye mteremko inayozidi ukuta kidogo pande zote mbili, maana mvua inayoingia ndani ya tofali kutoka juu ndiyo inayobandua lipu na rangi.

Nguzo za geti

Geti la milango miwili lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.2, lililotengenezwa kwa bomba la mraba la milimita 50 na kufunikwa kwa bati la chuma la milimita 1.5, lina uzito wa karibu kilo 180, yaani kilo 90 kila mlango. Mlango huo una upana wa mita 2, kwa hiyo uzito wake uko mita moja kutoka kwenye nguzo. Ikiwa bawaba ya juu na ya chini zimeachana kwa mita 1.8, ile ya juu inavutwa kuelekea katikati ya njia kwa nguvu iliyo sawa na kilo 50: ni kama kamba iliyofungwa kwenye kichwa cha nguzo na kukivuta kwa ubavu kwa uzito wa mfuko mmoja wa saruji, usiku na mchana, kwa miaka yote ya geti hilo. Mtu akiielewa hesabu hii hatakubali tena nguzo ya geti ijengwe kwa tofali tupu.

Nguzo iwe ya zege lililosukwa nondo, isiyopungua sentimita 30 kwa 30, yenye nondo nne za milimita 12 au zaidi, na ringi (nondo nyembamba zinazozungushwa kuzifunga hizo nne) za milimita 8 kila baada ya sentimita 15 au 20. Nondo hizo zianzie chini kabisa, zikiwa zimekunjwa na kufungwa kwenye wavu wa nondo wa kitako, yaani msingi wa nguzo. Shimo la kitako liwe na urefu na upana wa karibu mita moja, na kina cha mita moja. Zege la uwiano wa 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, linafaa, mradi maji yasizidi. Zege linalomiminika kama uji hupendwa na vibarua kwa sababu halichoshi, lakini likikauka linakuwa dhaifu.

Kuna kitu kimoja ambacho hurukwa mara nyingi sana, nacho ni mkanda wa zege unaopita chini ya njia ya gari na kuunganisha vitako vya nguzo mbili. Mkanda huu huzuia nguzo zisiinamiane, na kama geti ni la reli, ndio utakaobeba reli yenyewe. Gharama yake ni kokoto kidogo na nondo nne. Sisitiza uwepo.

Kabla ya kumwaga zege la nguzo, fanya mambo mawili. Kwanza, chomelea vipande vya bamba la chuma kwenye nondo, mahali bawaba zitakapokaa, vikiwa sambamba na uso wa nguzo. Bawaba zitachomelewa hapo baadaye bila kutoboa zege. Pili, pitisha mabomba ya plastiki kwa ajili ya nyaya za taa, kengele, na mota ya kufungulia geti, hata kama leo huna mpango wa mota. Baada ya hapo mwagilia nguzo maji asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, na usitundike geti kabla ya wiki tatu au nne kupita. Fundi geti atakusukuma, kwa kuwa anataka kupunguza vyuma kwenye karakana yake. Mwambie asubiri.

Geti lenyewe

Upana wa mita 3 unatosha gari dogo linaloingia likiwa limenyooka, lakini nyumba huhitaji pia lori la mchanga, gari la maji safi na gari la kunyonya maji taka. Chagua mita 3.6 hadi 4, na kama mtaa ni mwembamba kiasi cha gari kulazimika kukata kona, ongeza zaidi. Pale kiwanja kinaporuhusu, rudisha geti ndani mita 5 au 6 kutoka ukingo wa barabara, ili gari lisimame mbele yake bila kuziba njia. Mlango mdogo wa watu uwe na upana wa sentimita 90, na ni bora uwe pembeni kwenye ukuta kuliko kukatwa ndani ya mlango wa geti, kwa sababu kila unapobamizwa unalitikisa geti zima.

Uamuzi mkubwa ni kati ya milango miwili inayofunguka na geti moja linalokimbia juu ya reli. Milango miwili ni rahisi kutengeneza na kukarabati, lakini inahitaji uwanja mtupu ndani, kwa kuwa haifai kamwe kufunguka kuelekea njiani. Ikiwa njia ya gari inapanda kuelekea nyumbani, milango hiyo itagonga ardhi kabla ya kufunguka nusu. Hapo geti la reli ndilo jibu, mradi upande mmoja wa ukuta uwe na nafasi iliyonyooka inayozidi upana wa geti kwa nusu mita hivi. Reli iwe imelala sawa kwa pimamaji na iwe juu kidogo ya ardhi inayoizunguka, kwani mchanga na matope ndiyo maadui zake.

Geti la reli lina hatari ambayo lazima isemwe waziwazi. Linasimama kwa kushikwa juu tu na vigurudumu vya mwongozo, na likitoka kwenye mwongozo huo linaanguka kwa uzito wake wote. Watoto hupenda kuning'inia kwenye mageti ya namna hii. Dai vizuizi vya chuma vya mwisho pande zote mbili, vilivyochomelewa kwa nguvu kiasi kwamba hata mtu mzima akilisukuma kwa kasi halivuki, na dai seti mbili za vigurudumu vya juu badala ya moja.

Kwa chuma, uliza unene kwa milimita. Hesabu ya geji, namba za kutajia unene wa chuma, huwachanganya wengi kwa kuwa namba ikipanda unene unapungua: geji 16 ni takribani milimita 1.5, na geji 18 ni takribani 1.2. Nenda na kipimo chako dukani, au nenda na mtu anayekijua, kwa sababu bomba lililoandikwa milimita 2 si lazima liwe milimita 2. Fremu iwe na mkono wa mshazari unaoanzia kona ya chini upande wa bawaba na kupanda hadi kona ya juu upande wa pili. Bawaba ziwe tatu kila mlango, za aina yenye gololi na tundu la kuingizia grisi.

Siku ya kufunga, milango isimamishwe juu ya vipande vya mbao vyenye unene wa uwazi unaoutaka chini, sentimita 5 hivi kwa njia tambarare, kisha ipimwe kwa timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kabla ya kuchomelewa kabisa. Fundi agonge vidoto vichache vya weldi kwanza, afungue na kufunga mara kadhaa, na ndipo akamilishe. Mlango uliotundikwa vizuri hukaa pale unapouachia. Ukijifunga au kujifungua wenyewe, bawaba hazipo kwenye mstari mmoja wa wima, na wakati wa kurekebisha ni huo.

Rangi, mota na malipo

Kutu huanza chini na ndani. Mabomba ya fremu yazibwe ncha zote, na yatobolewe tundu dogo upande wa chini ili unyevu utoke. Futa mafuta ya kiwandani kwa thina, sugua maungio ya weldi kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, paka rangi ya msingi mara mbili, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Karibu na bahari, tumia rangi ya msingi yenye zinki au chuma kilichokwisha kupakwa zinki, na kumbuka kwamba kila mahali palipochomelewa zinki yake imeungua, hivyo pafunikwe upya. Kagua sehemu ya chini kila baada ya masika.

Mota ya kufungulia geti iwe na betri yake na ufunguo wa kuiachia kwa mkono, kwa kuwa umeme hukatika. Iwe pia na kifaa cha kuligeuza geti linapokutana na kizuizi. Bila hicho, usiinunue.

Makubaliano na fundi yaandikwe, yakitaja unene wa chuma, idadi ya bawaba, aina ya rangi na tabaka zake. Malipo yawe ya awamu: ya vifaa mwanzoni, ya kazi baada ya fremu kukamilika na wewe kuikagua kabla haijapakwa rangi, kwa sababu rangi huficha weldi mbovu. Bakiza sehemu ya mwisho hadi geti litumike mwezi mmoja, ukilifungua na kulifunga kila siku. Likianza kushuka katika mwezi huo, chunguza nguzo kwa timazi kabla ya kumlaumu fundi geti. Inawezekana anayedaiwa ni yule aliyechimba shimo.